Binti wa Mchungaji na Siku ya Saba

Mzee Ciza alikaribishwa kiti akakikataa. Alisimama mlangoni mwa nyumba ya Mchungaji Lwaboshi, kofia mkononi, macho yake yakitafuta pa kutua.

"Pasta," alisema, "Nadège banamuona kule Lilongwe. Siku ya posho, asubuhi, amevaa nguo ya kanisa, anaingia kwa Basabato. Haikuwa mara moja."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi kwa watu wa Fizi na Uvira, huko Kongo, na Ciza na Lwaboshi wote walikuwa wa Fizi. Walikuwa wamefyatua pamoja matofali ya kanisa lao hapo Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Lwaboshi alikuwa mchungaji, Ciza mzee wa kanisa na mkuu wa komite, na Jumapili hakuna aliyefika kabla yao. Kwa hiyo habari ile haikuletwa na adui.

"Nani alimuona?"

"Bantu. Na komite inauliza. Mutoto wa pasta akibadilisha siku ya Mungu, batoto ba bengine batafanya nini? Tunaomba umukemee mbele ya kanisa. Yeye njo anafundisha batoto betu akikuja huku."

Ernestine, mke wa mchungaji, alikuwa nyuma ya pazia akichambua sombe, majani ya muhogo. Mikono yake ilisimama. Lwaboshi alimwambia Ciza atampa jibu, akamsindikiza hadi njiani kama adabu inavyotaka, akarudi ndani, akaketi kwenye kiti kile kile ambacho mgeni alikikataa.

"Utamukemea?" Ernestine aliuliza.

"Nitamuita kwanza."

Nadège alikuwa mtoto wao wa pekee. Walipokimbia Fizi alikuwa mdogo, hajui herufi hata moja. Katika safari yao ndefu, kuvuka ziwa, kupita Tanzania, kungoja hapa na kungoja pale, mzigo uliobaki nao mpaka mwisho ulikuwa sufuria, vikwembe vya Ernestine vya kujifunga na Biblia ya Kiswahili iliyokatika jalada. Lwaboshi alimfundisha mtoto kusoma kwa Biblia ile kwa sababu hakukuwa na kitabu kingine. Alianza naye Mwanzo, kidole chini ya mstari. Hata walipofika Malawi na mtoto akaingia shule, akaanza kurudi na Kiingereza na Kichewa, somo la nyumbani halikukoma. Lwaboshi alikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi mtoto akawa anamwigiza: usikubali aya inayotembea peke yake; soma iliyotangulia, soma inayofuata, halafu ndipo uniambie imesema nini.

Sasa mtoto yule alikuwa mwanamke mzima, fundi wa kushona sare za shule katika duka la mama mmoja wa Kimalawi huko Mtandire, pembezoni mwa Lilongwe. Alikuwa na kibali cha kukaa nje ya kambi. Kila alipopata nafasi alirudi Dzaleka, na Jumapili hiyo alifundisha watoto.

Alipopigiwa simu hakuuliza anaitiwa nini. Alikuja siku iliyofuata, akateremka kwenye minibasi barabara ya Dowa, akapanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi kambini, akaingia nyumbani na vumbi la njia kwenye nyusi. Alimsalimu mama yake kwa magoti, akamsalimu baba yake, kisha akaweka Biblia yake mezani kabla hajaambiwa lolote.

"Papa, najua njo ile munaniitia."

"Basi sema."

"Mama mwenye duka anafunga duka Ijumaa jua likingali juu. Mi nilimuuliza, juu ya nini unafunga leo na Sabato ni kesho? Akasema, Sabato inaanza leo magharibi. Sikumuamini. Nikaenda kusoma." Aliinua macho. "Hakunivuta mutu, Papa. Nilisoma mwenyewe."

Lwaboshi alihisi vitu viwili kwa pamoja, na kimoja alikificha haraka. Hasira aliiacha ionekane.

"Basi tutasoma," alisema. "Mi na we. Kama ni upepo umekuchukua, tutajua. Fungua pale ulianzia."

Walisoma mchana ule wote. Ernestine aliwaletea chai, akatoa vikombe vikiwa bado vimejaa, akawaletea tena.

Nadège alianzia Mwanzo sura ya kwanza. Alimwonyesha baba yake kwamba kila siku ya uumbaji jioni inatajwa kwanza, ndipo asubuhi. "Sisi tunahesabu siku tukiamuka," alisema. "Hapa siku inaanza watu wakienda kulala. Giza kwanza, mwangaza unafuata."

"Ile inaonyesha mupango wa maneno tu. Leta ingine."

"Walawi, makumi mbili na tatu. Hii hapa: toka jioni hata jioni mutashika Sabato yenu. Iko wazi."

Alilisema lile kwa haraka ya mtu aliyelisema mahali pengi na kukubaliwa. Lwaboshi alinyoosha mkono. Aliivuta Biblia upande wake, akarudi nyuma kidogo kwa kidole, akasoma taratibu, midomo ikicheza. Kisha akaigeuza imwelekee binti yake.

"Anza huku juu."

Nadège akaanza juu. Alipofika katikati sauti yake ilipungua. Aya zote zile zilikuwa zinazungumza juu ya Siku ya Upatanisho, ile ya mara moja kwa mwaka, ya kufunga na kutubu. Ile jioni hata jioni ilikuwa ya siku hiyo.

"Haisemi Sabato ya kila juma," Lwaboshi alisema.

"Haisemi."

"Na kule Lilongwe banakuambia inasema?"

"Banaisoma vile. Na mi niliisoma vile." Aliona haya, lakini hakufunga kitabu. "Inaweza kuwa siku zote zilihesabiwa namna hiyo, Papa. Lakini hii aya haitoshi. Nitaiondoa."

Lwaboshi alikuwa amejitayarisha kwa ubishi. Alikwisha kuwasikia wabishi wa maandiko wa kila aina pale Dzaleka, Wakongo kwa Wanyarwanda, watu ambao aya yao ikivunjika huipandisha sauti. Huyu wake aliiweka chini aya iliyovunjika kama mkasi uliopoteza makali, akatafuta mwingine.

Akaupata katika Marko, sura ya kwanza. Yesu aliingia sinagogi siku ya Sabato, akatoka, akaenda nyumbani kwa Simoni. Jua lilipokwisha kuchwa ndipo watu wa mji wakamletea wagonjwa, mji mzima ukajaa mlangoni.

"Juu ya nini bangoje jua lichwe?" Nadège aliuliza. "Mugonjwa anaumwa tangu asubuhi. Unamubeba tu. Lakini hawakubeba. Bote baliona jua limeingia, njo bakabeba. Marko hatufundishi saa ya Sabato, Papa, anahadisia tu habari ya wagonjwa. Lakini ule mji ulijua siku inaishia wapi."

Lwaboshi alisoma mwenyewe. Akasoma iliyotangulia. Akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Umeona nani alipona mbele ya wagonjwa ba mji?"

"Mama mukwe wa Simoni."

"Saa ngapi?"

Nadège alitazama, naye akaanza kucheka. Mama mkwe aliponywa siku ile ile, jua likiwa bado juu. Watu waliingoja magharibi, Yesu hakuingoja.

"We unashika mji," baba yake alisema, "na mi nashika mama mukwe."

"Munagombana ao munafurahi?" Ernestine aliuliza kutoka jikoni.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya Lwaboshi. Alileta aya aliyoihubiri tangu ujana wake: Matendo ishirini, Paulo na ndugu wamekutana siku ya kwanza ya juma kumega mkate. Ndiyo nguzo yake ya Jumapili. Nadège aliisoma kwa heshima, akamwomba ruhusa ya kuendelea na zinazofuata. Paulo alihubiri hata usiku wa manane, taa nyingi zikiwaka, kijana akaanguka dirishani. Kulipokucha Paulo akaondoka, akasafiri kwa miguu.

"Kama kwao siku inaanza magharibi," Nadège alisema, "usiku wa siku ya kwanza ni usiku gani kwetu?"

Lwaboshi aliisoma tena. Alikuwa ameihubiri aya ile Fizi, Kigoma na Dzaleka, na kila mara alimwona Paulo akiketi Jumapili usiku. Sasa alimwona akiketi Jumamosi usiku, na Jumapili asubuhi yuko njiani na vumbi miguuni.

"Unaweza kuisoma vile," alisema mwishoni. "Unaweza kuisoma vile mi naisoma pia. Luka alikuwa anaandikia bantu ba mataifa, bale hawahesabu siku kama Bayuda."

"Ndiyo, inaweza."

"Lakini sikuwa nimeiona hivi."

Alisimama, akatoka nje, akazunguka nyumba. Wanawake walikuwa wanarudi kisimani na ndoo, jirani Mnyarwanda akimpigia kelele mbuzi aliyeingia kwenye maharagwe. Fahari aliyoificha siku ya kwanza sasa alishindwa kuificha. Mtoto aliyemshika kidole kwenye herufi alikuwa amemwonyesha kitu katika kitabu alichodhani anakijua kwa moyo. Alirudi ndani uso wake ukiwa na mwanga ambao Ernestine aliutambua, akajifanya hajauona.

"Na mi niko na kitu," Lwaboshi alisema akiketi. "Rudi Mwanzo. Umeniambia kila siku iko na jioni yake na asubuhi yake. Nionyeshe jioni ya siku ya saba."

Nadège alitafuta katika sura ya kwanza, akaingia ya pili. Alisoma mara mbili. Siku ya kwanza ina jioni yake, ya pili, ya tatu, hadi ya sita. Ya saba Mungu anapumzika, anaibariki, anaitakasa, na jioni haitajwi.

"Haiko," alisema polepole. "Haikufungwa."

"Haikufungwa."

"Maana yake nini, Papa?"

"Mi sijui. Nimeisoma miaka mingi. Sijui." Alifurahi kusema hajui mbele yake. Wakakaa hivyo, vichwa viwili juu ya ukurasa mmoja, mpaka Ernestine alipoweka bakuli la sombe juu ya meza akawaambia Mose mwenyewe alikula.

Komite ilikutana kanisani siku iliyofuata. Ciza alifungua kwa maombi, kisha akamgeukia Nadège moja kwa moja. Hakuwa na ukali, alikuwa na huzuni ya mjomba.

"Mutoto wangu, siku ya saba unaijua we? Jumamosi ni mosi. Mosi ni moja. Jina lenyewe linasema ni siku ya kwanza. Sasa Basabato banasali siku ya kwanza, banasema ni ya saba!"

Watu wakacheka. Nadège aliomba ruhusa ya kujibu, akapewa.

"Ni kweli, Mzee. Jumamosi ni mosi kwa Kiswahili, juu wale waliotupa haya majina walihesabu toka Ijumaa. Lakini kwetu Fizi tukisema siku ya kwanza, ni siku gani?"

"Jumatatu. Siku ya kuanza kazi."

"Na jirani zetu Banyarwanda, Jumamosi wanaiita siku ya sita. Wachewa wanaiita Loweruka, siku ya kutoka kazini. Siku ni moja, majina yanahesabu kila moja toka kwake. Basi tusihesabu kwa majina. Tuhesabu kwa ile Biblia inahesabia." Kisha akatabasamu. "Lakini saa, Mzee, saa tunazo. Kule Lilongwe Mumalawi akisikia tunasoma Yesu alikufa saa tisa, anafikiri ni saa tatu yetu ya usiku. Mi nawaeleza. Sisi haitupasi kuelezwa. Tunahesabu toka jua likitoka, kama mitume. Mswahili akifungua Injili, saa yake inasema sawasawa na ya Petro."

Mzee mmoja alitazama saa yake bila kujua anafanya hivyo. Hata Ciza alilegea uso.

"Umejibu vizuri," alisema. "Lakini sikuita mukutano juu ya saa. Pasta, tuliomba kitu. Utamukemea?"

Lwaboshi alisimama na Biblia.

"Tumesoma na yeye siku mbili. Mi nabaki Jumapili. Siku Bwana alifufuka inanitosha, na yeye anajua sababu zangu. Yeye anaenda Jumamosi, na mi najua zake. Kuna pahali alikosea, nilimuonyesha, akaacha. Kuna pahali nilikosea, akanionyesha." Aliigonga Biblia kwa kidole. "Sasa mulete Warumi kumi na ine, aya ya tano. Tunaipenda sana. Mutu mumoja anatofautisha siku na siku, mwengine anaona siku zote ni sawasawa, kila mutu athibitike katika akili yake. Leo musome ya ine, ile inatangulia."

Ciza ndiye aliyekuwa na kitabu wazi. Alisoma kimya, kisha kwa sauti, kwa sababu wote walikuwa wanamngoja: "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine?"

"Siwezi kumukemea kwa kusoma," Lwaboshi alisema. "Ningemukemea kama angeacha."

Walijadiliana hadi jua likapoa. Mwishoni komite iliamua Nadège asifundishe tena darasa la watoto, kwa kuwa watoto watachanganyikiwa, lakini hakuna atakayesimamishwa mbele ya kanisa. Ilimuuma. Wale watoto aliwapenda, na aliitikia kwa kichwa tu, midomo imebanwa. Wakati wa kutoka Ciza alimshika mkono akakaa nao kidogo kabla ya kuuachia.

Njiani Nadège alisema, "Papa, Jumamosi ya kesho kutwa Basabato wananipokea katika ushirika wao kule Lilongwe, Area 18. Kanisa kubwa. Sikutaka kukuambia mbele ya komite."

Lwaboshi alisimama. Kulikuwa na neno moja aliloliogopa tangu Ciza aliposimama mlangoni pake, na sasa alilitoa.

"Watakubatiza tena?"

Yeye ndiye aliyembatiza, katika kijito kilicho chini ya mashamba, mvua zikiwa zimekwisha. Alimshika mgongo, akamzamisha, akamtoa.

"Sijui," Nadège alisema. "Mzee Niyibizi, mwenye kusimamia kanisa lile, njo ataamua. Yeye ni Munyarwanda, aliishi hapa Dzaleka zamani."

"Nitakuja."

Jumamosi ile Lwaboshi alivaa suti yake ya Jumapili. Ernestine alivaa kikwembe kipya, na majirani waliowaona wakienda barabarani waliuliza kuna arusi wapi. Kanisa la Area 18 lilikuwa refu, la bati, lenye madirisha ya vioo, limejaa Wamalawi, na katika safu za kulia Wakongo na Wanyarwanda kutoka Mtandire. Wimbo ulikuwa wa Kichewa, lakini tuni yake Lwaboshi aliijua, akaimba kwa maneno ya Fizi.

Niyibizi alikuwa mtu mrefu mwenye mvi, sauti ya chini. Alimwita Nadège mbele, akamuuliza maswali ya imani kwa Kiswahili, na kijana mmoja wa Kimalawi akayageuza kwa Kichewa. Alijibu yote. Alipoulizwa aya inayomthibitishia saa za Sabato, Lwaboshi alikaza mikono juu ya magoti.

"Nilikuwa nikitumia Walawi," Nadège alisema. "Lakini ile inazungumza Siku ya Upatanisho. Nilionyeshwa, na nimeiacha. Natumia Marko."

Watu wengine wakatazamana. Niyibizi alifungua Walawi palepale mbele ya kanisa lote, akasoma kuanzia juu, akaitikia kwa kichwa.

"Ni kweli," alisema. "Mi pia nimeitumia miaka yote. Nani alikuonyesha?"

"Baba yangu. Njo alinifundisha kusoma."

"Na ulibatizwa wapi?"

"Dzaleka. Katika maji mengi. Na yeye huyo."

"Basi hatutarudia. Ubatizo mumoja unatosha. Huyo baba yuko hai?"

"Yuko pale."

Niyibizi akanyoosha mkono. Lwaboshi alisimama. Alikuwa amezoea kusimama mbele ya watu, lakini si mbele ya watu wa siku nyingine. Ernestine alimsukuma kidogo mgongoni. Watu wote waligeuza vichwa, na kijana wa Kichewa alikuwa amekwisha kuwaambia huyu ni nani, ni mchungaji wa Jumapili, kwa hiyo walimtazama kwa udadisi mwingi.

"Mi ni Lwaboshi," alisema. "Mi si wa siku yenu. Kesho nitahubiri kwetu. Lakini huyu ni mutoto wangu. Alianza kusoma hatujui tutalala wapi. Hakuna mutu alimupa imani yake kwa mukono, si mi, si ninyi. Aliisoma. Niko na furaha kubwa, na bote munaweza kuiona." Akaketi. Wanawake wa Kimalawi walipiga vigelegele kabla hata tafsiri haijaisha, na Ernestine akawajibu kwa kigelegele cha Fizi kilichowashinda wote.

Baada ya ibada walikula chini ya banda la kanisa chakula kilichopikwa Ijumaa, nsima baridi, ugali wa Kimalawi, na maharagwe. Mama mmoja mzee alimjia Lwaboshi, akamshika mikono yote miwili, akasema zikomo, yaani asante, mara nyingi, kisha akasema jambo refu.

"Anasema nini?" Lwaboshi aliuliza.

Nadège alicheka. "Anauliza, na we utapokelewa lini?"

"Mwambie nina ibada kesho."

Lakini Niyibizi, aliyekuwa amekaa kando akila, hakucheka. Alifuta mikono, akasogeza kiti.

"Pasta, sisi Mtandire tuko na bantu wengi wa Kiswahili. Wanapenda Neno, lakini wanasoma kama mutu anaokota mawe, hapa moja, pale moja. Kuna siku ya katikati unaweza kuja? Hutahubiri habari ya siku, yetu ao yenu. Uwafundishe vile ulimufundisha huyu."

Lwaboshi alimtazama binti yake. Nadège alikuwa anamwangalia kwa macho ya mtoto anayengoja kuambiwa amepata.

"Nitauliza komite yangu," alisema.

Aliuliza kesho yake, Jumapili, baada ya mahubiri, watu wakiwa wamesimama nje ya kanisa. Aliwaambia anataka kwenda Mtandire kila Jumatano, kwa Wasabato. Wazee walitazamana. Ciza alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Kwenda kufanya nini kule, Pasta?"

"Kufundisha kusoma."

"Kusoma tu?"

"Kusoma tu."

Ciza alifikiri. Kisha akauliza kama minibasi ya asubuhi ya Jumatano huwa na nafasi ya watu wawili, kwa maana kuna mambo katika ile Walawi ambayo yeye naye hakuwa na hakika nayo.